Nimepokea, Mama Akasikia Nimempokea

Igoma,
Mwanza.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Sabina,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, nisikie hadi huku Igoma.

Habari za Gaborone? Habari za wanafunzi wako wanaokimbia hesabu, na habari za goti? Mama anasema mlipoongea kwenye simu alikusikia unahema kwenye ngazi, nawe ukasingizia mtandao. Pole, na tafadhali lifanyie goti hilo dawa kabla ya safari. Baba Mihayo hajambo? Na Mihayo mwenyewe bado anafuga zile ndevu zake tatu?

Sisi huku ni wazima. Mvua za vuli zimeshika kweli, na njia ya mbele ya chumba chetu cha kushonea imekuwa tope tupu. Wateja wanaingia wameshika viatu mkononi. Baba yuko Kisesa na ng'ombe wake, mmoja kazaa ndama mwenye doa usoni na mzee anamsifu kama mjukuu. Suzana ndiye hashikiki. Mdogo wangu anaolewa mimi dada mtu nikimshonea, basi mtaa mzima unanihurumia bila kuombwa.

Utajiuliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Nakujua, Shangazi. Nikikupigia, kabla sijafika nusu utakuwa umeshasema "mwanangu, mwanangu", nami nitasema si kitu, tutaongea kuhusu bei ya vitenge. Karatasi haikatizi. Nurdin, kaka yake Najat, unamkumbuka, yule ninayeshirikiana naye chumba cha kushonea, anakuja huko na lori, na ameniahidi kukufikishia mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Desemba unakuja kwenye sherehe ya kumuaga Suzana. Mimi nimepangiwa kukaa naye meza kuu, na kama desturi ilivyo, atanilisha keki mbele ya ukumbi mzima, kisha tutasimama kwenda kuchukua chakula watu wote wakitutazama. Mwaka jana ningetafuta homa ya kuniepusha. Safari hii nataka kukaa pale. Sijui kama nitaweza, na kwa kweli linaninyima raha. Wewe unaweza kunisaidia, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na vidonda vyangu vya tumbo. Shangazi, havipo. Havijawahi kuwapo.

Asali uliyonitumia nililamba, magome ya yule jirani nilichemsha, na Mama alinisagia kabichi mpaka nikawa naiota. Hakuna aliyesema uongo. Nilikuwa sili, nakonda, na kwenye ukoo wetu mtu asiyekula ana ugonjwa mmoja tu, vidonda. Nami jina lile likanifaa. Mwenye vidonda halazimishwi maharage, halazimishwi pilipili, na akisema ameshiba kwa vijiko viwili anaambiwa pole.

Mwezi wa tatu nilianguka juu ya cherehani nikishona koti la mtu. Najat akanipakia kwenye bajaji akanipeleka hospitali. Walinipima tumbo wakalikuta zima. Ndipo daktari mmoja kijana akakaa kwenye kiti, akaniuliza, "Sahani ya chakula ikiwekwa mbele yako, unasikia nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nililia mpaka Najat akaingia akidhani nimechomwa sindano.

Wanauita ugonjwa wa ulaji. Na mimi nilikuwa nadhani ni ugonjwa wa matajiri wa kwenye televisheni, si wa fundi wa Igoma aliyelelewa kwa ugali na maziwa ya mgando. Nikuelezee kwa namna ninayoiona mimi. Unamkumbuka karani wa mizani ya pamba kule kijijini, yule ambaye gunia lako hata lijae vipi kwake limepungua? Mimi nilikuwa naye kichwani. Ila wangu alikuwa kinyume, kila nilichokula kwake kilizidi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, na kazi yangu ni futikamba, Shangazi, kwa hiyo hakukosa kifaa cha kunipimia.

Yule daktari alinielekeza kwa Mama Mayala, mshauri mmoja mwenye darasa lake upande wa Butimba. Kwenda kwa mganga wa maneno niliona ni kupoteza muda. Nilifikiri nitalala kwenye kochi nihadithie utoto wangu. Kumbe ni darasa kweli, lina ubao na chaki. Tiba hiyo ina jina refu la Kizungu ambalo sisi tumelitupa. Tunaliita darasa la stadi, kwa sababu ndizo tunazojifunza: kuishi na hisia kali bila kujiumiza. Mimi nina shida ya kula, kuna mama mmoja aliyefiwa na mume, na kuna Alexander wa bodaboda ambaye shida yake ni ngumi. Tunafundishwa kama nilivyofundishwa kutarizi. Unafanya, unafumua, unafanya tena, na hakuna anayekucheka kwa kufumua.

Somo lililonikamata mapema ni la neno moja. Mama Mayala alituambia tuchunguze tunavyotumia "lakini". Ukisema "nataka kupona lakini naogopa", ile lakini inaua kilichotangulia, mtu anabaki na hofu peke yake. Akatufundisha kuweka "na". Nataka kupona na naogopa. Nampenda Mama na ananichosha. Vyote viwili ni kweli, hakuna haja ya kimoja kukifukuza kingine. Alexander akanyoosha mkono. "Sasa mama, abiria akinitukania mzazi nisemeje? Amenitukana na nampenda?" Tulicheka sana. Mama Mayala hakucheka. Akamwambia, "Sema amekutukana, na mkono wako ni wako." Alexander akainama, na wiki iliyofuata akaja na habari kwamba mkono wake ulikuwa umebaki mfukoni.

Ukiona humu baruani nimefuta "lakini" mahali, ujue ni mazoezi.

Lipo na somo la kutenda kinyume. Hisia inakuambia jifiche, wewe unatoka. Inakuambia ruka chakula cha mchana, unakaa na kula. Lipo la kuishika barafu mkononi pale kichwa kinapochemka, baridi ile inakurudisha kwenye mwili wako mpaka wimbi lipite, maana linapita. Na lipo somo gumu kuliko yote, la kupokea. Si kukubali kushindwa, Mama Mayala alisisitiza hilo. Ni kuacha kupigana na jambo ambalo limeshatokea, ukaliangalia kama lilivyo, ukaanzia hapo. Siku hiyo nilisema kwa mara ya kwanza bila kutafuna maneno, "Mimi ni mgonjwa." Nilitoka pale mwepesi wa moyo.

Sasa sikiliza kioja.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama jikoni anakaanga maandazi, mafuta yanalia. Nilitaka kumwambia kidogo kidogo. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama, leo nimepokea." Mama akasikia "nimempokea". Herufi moja tu, Shangazi. Akatupa mwiko. "Haleluya! Hellen! Umempokea Mwokozi!" Akanikumbatia na unga wake wote, akalia.

Na ujue kwamba kanisani nilikuwa nimepotea mwaka mzima, si kwa sababu ya Mungu, ni kwa sababu ya chai na maandazi baada ya ibada. Mama hakujua hilo. Alikuwa amefunga na kuomba nirudi. Ningemwambiaje kwamba hakusikia vizuri? Nilinyamaza. Nikajiambia nitamweleza kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Jumapili baada ya ibada nikasikia ngoma za kwaya barabarani. Wamama wa jumuiya wote, na Mzee Masele, mzee wa kanisa, mbele na Biblia, wamekuja kushangilia kondoo aliyerudi. Mama alikuwa ameamka alfajiri kupika pilau, kuku wawili na ndizi, mimi nikidhani ni wageni wa Suzana. Mzee Masele akaomba sala ndefu, akakemea vidonda vya tumbo kwa jina, akaviamuru vitoke. Kisha Mama akajaza sahani kwa mkono wake. Unaujua mkono wa wifi yako. Akaiweka mapajani mwangu, chumba kizima kikageuka. "Kula, mwanangu. Vidonda vimekwisha."

Karani akafungua mizani. Mikono ikafa ganzi, masikio yakaziba, nikaona midomo ya watu inaimba bila kusikia sauti. Niliweka sahani chini, nikasema naenda kuchukua maji, nikaingia jikoni.

Pale kuna friji ambamo Mama anagandisha barafu za ubuyu anazouza kwa watoto wa mtaa. Sikuwa na barafu nyingine. Nikachukua mbili, nikazikamata kwa nguvu, moja kila kiganja, nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimeanza kurudi, nasikia tena kwaya, nahisi sakafu chini yangu, Mama alipofungua mlango.

Akaona wekundu unatiririka kwenye mikono yangu hadi kwenye gauni jeupe. "Mungu wangu, damu!"

"Sio damu, Mama. Ni ubuyu."

Alisimama pale hajui acheke au apige kelele. Nami nikaona nikinyamaza tena nitanyamaza mpaka kaburini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia yote nikiwa sakafuni. Kwamba sina vidonda. Kwamba ugonjwa wangu uko kwenye chakula chenyewe, na siku ile nilisema nimepokea, sikusema nimempokea. Kwamba barafu hizi ni masomo ya Butimba.

"Chakula kinakuwaje ugonjwa?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia. Kisha akauliza tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ni mimi? Ni kitu nilikupikia?"

Nikamwambia hapana, si wewe Mama, si chakula chako.

Akavuta kigoda akakaa. Sebuleni walikuwa wameanza wimbo mwingine na mtu alikuwa anaita, "Mama Hellen, kachumbari!" Hakuitika. Akaniangalia, akasema, "Sielewi. Sielewi hata kidogo, Hellen, na siondoki hapa."

Na, Shangazi. Alisema "na" bila kufundishwa na mtu. Alifungua friji, akachukua barafu moja, akaishika kama ninavyoshika mimi, akakunja uso kwa baridi. Tukakaa hivyo mpaka zikayeyuka. Sakafu yote ilikuwa nyekundu. Halafu akachukua visahani vile vya chai, akatupakulia kidogo, chake na changu, tukala palepale. Hakuhesabu matonge yangu. Alikuwa ananihadithia mambo ya ujirani, nani kagombana na nani kwenye bomba la maji, na nikamaliza.

Aliporudi sebuleni hakunificha wala hakunianika. Akawaambia, "Mwanangu bado yuko kwenye matibabu, na mzidi kumwombea." Mzee Masele akasema amina. Ni mtu mwema yule, na sala yake ni ndefu.

Sitaki uone nimepona, maana ukifika na matumaini hayo tutaumizana. Juzi mteja niliyekuwa nampima aliniambia, "Fundi una bahati, mwili haukusumbui", na jioni ile sikula. Asubuhi nikatenda kinyume, nikala chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, mezani na Suzana, nikilia, naye akila na kunipangusa kwa kanga yake bila kuacha kunilalamikia kuhusu mpambaji wa ukumbi. Darasani nililisema. Mama Mayala akaniuliza nilijifunza nini, basi, hakukuwa na fimbo.

Gauni langu la sherehe limekuwa na hadithi yake. Nimeshakubaliana na Mama Mayala kwamba futikamba haipiti mwilini mwangu, ni ya wateja tu. Sasa fundi ajishonee vipi bila kipimo? Najat ndiye aliyelitatua. Alinipima kwa uzi, kama bibi yake alivyokuwa akipima kabla futikamba hazijajaa madukani. Uzi wa kifua, uzi wa kiuno, uzi wa urefu, kila mmoja kaufunga fundo ajue ni upi. Hakuna namba popote. Akalaza nyuzi juu ya kitambaa akakata, mimi nimeelekea ukutani. Gauni limekaa vizuri, ni rangi ya zambarau, na nilipolivaa Najat alisema tu kwamba mabega yameanguka sawasawa. Kwa fundi hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Baba, kaka yako, naye ameshaambiwa. Siku hizi akitoka Kisesa anakuja na maziwa ya mgando, anakaa nami mezani na kuongea habari za ndama wake, macho yakiwa dirishani, mpaka sahani yangu imeisha. Ndipo anakumbuka kwamba ana safari.

Sasa ombi langu. Somo la mwisho tulilofundishwa ni la kuomba. Unasema kilichotokea bila kuongeza chumvi, unasema ulivyojisikia, unasema unachotaka, unasema kitakachokuwa chema kwa wote wawili. Tuliambiwa tumchague mtu tunayempenda kiasi cha kumwogopa. Nimekuchagua wewe.

Kila ukija nyumbani, kabla hata ya mizigo kushushwa, unatunyanyua mmoja mmoja juu, watoto na watu wazima, unatupima kwa mikono yako na kutangaza. Huyu debe! Huyu gunia! Huyu kreti la soda! Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbia nipate zamu ya kwanza. Mara ya mwisho ulipokuja ulininyanyua ukacheka ukasema, "Huyu unyoya!" Watu wote walicheka. Ulisema kwa upendo, Shangazi, sijawahi kuona vingine. Na ugonjwa ulilipenda neno lile kuliko chakula chochote. Niliishi nalo miezi mingi. Nilikuwa nalirudia nikiwa na njaa, na linanishibisha.

Sikulaumu, hukujua, hata mimi sikujua. Ninachoomba ni kwamba Desemba hii, uwanjani, njiani, ukumbini, usiuguse mwili wangu kwa maneno. Usiseme nimekonda, usiseme nimenenepa, hata ukiwa na nia ya kunifurahisha. Niulize kuhusu cherehani, niulize kuhusu gauni la Suzana, nitanie kuhusu wachumba, ruhusa nimekupa. Na kwenye meza kuu, nikianza kutetemeka, uje ukae karibu yangu na uongee lolote, hata hesabu. Ukinifanyia hivyo nitaweza kukaa mpaka mwisho, na wewe utakuwa na mpwa mzima wa kucheza naye muziki. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.

Msalimie sana Baba Mihayo, mwambie michembe yake ya viazi inakaushwa, Mama ameshaanika juu ya bati. Mihayo mwambie Suzana amemwekea suti, na ndevu azisimamie mwenyewe. Mama, Baba, Suzana na Najat wote wanakusalimu.

Nakujua lakini. Nimelifuta, nakujua, na mikono yako haijawahi kunisikiliza. Basi ikishindikana ukajikuta umeshaninyanyua, usiniteremshe upesi. Ninyanyue, na unyamaze. Nitakuwa mzito kuliko mara ile. Namshukuru Mungu kwa hilo, na naogopa, na nitakushika shingoni kwa mikono yote miwili.

Mungu akuvushe mipaka yote salama, wewe na goti lako.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye na kukungoja,
Hellen Shigela